Jina Lililokaa kwenye Televisheni

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Wusakile, ndugu mliotoka Luwingu mkafika na vumbi la barabara kwenye nguo, nanyi watani wetu Wangoni mliotunyang'anya jiko tangu Jumanne na kutulisha kabichi mbichi, familia inawasalimu katika jina la Bwana, na inawaomba wenye pa kuketi waketi, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo, na anayeisoma ni Gershom Nkole, mtoto wa dada yake marehemu, shemasi aliyeishia darasa la saba, kwa hiyo mahali sentensi itakapopinda mmvumilie, kosa ni la mkono wake.

Familia inakiri kwamba historia iliyoandikwa kwanza siyo hii. Ile ilikuwa ya karatasi moja, ilisema marehemu alizaliwa, akasoma, akachekesha watu, akaugua, akafariki, na sote tungeitikia amina na kwenda makaburini. Lakini juzi Jumatano mchana, hapa uani, mtani wetu Ba Samson Jere alisema jambo mbele ya watu, na baada ya hapo mjane, Ba Felistus, maana Ba ya heshima kwetu ni ya mwanaume na ya mwanamke, alimwita shemasi ndani akamwambia aichane ile karatasi aandike upya, aweke na makosa, ya marehemu na ya kwake yeye mwenyewe, maana Mungu anayajua tayari, na waliobaki kudanganyika ni majirani tu. Ndivyo ilivyofanyika.

Marehemu Winstone Kapambwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Chipalo, Luwingu, akiwa mtoto wa tatu wa Ba Lameck Kapambwe na Ba Dorika Nsofwa, Wabemba wa ukoo wa Uyoga, na alipokuwa na miaka minne wazazi walimleta hapa Kitwe, baba yake alipopata kazi ya chini ya ardhi mgodini, wakapewa nyumba ya chumba kimoja ambayo paa lake lilikuwa likilia kila mashine za mgodi zilipowashwa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kuiga mlio wa lile paa kabla hajajua kusema mama.

Alisoma shule ya misheni, Mindolo, kuanzia mwaka 1949 hadi 1956 alipomaliza darasa la sita, akiwa mwanafunzi wa kawaida katika hesabu na wa hatari katika kumuiga mwalimu mkuu, jambo lililompatia viboko mara nyingi, na inasemekana kiboko cha mwisho mwalimu mkuu mwenyewe alishindwa kukipiga kwa sababu alikuwa anacheka. Hakuendelea na masomo, si kwa kukosa akili, bali nafasi zilikuwa chache na baba yake alikuwa ameanza kukohoa.

Mwaka 1958 aliajiriwa kwenye stoo ya mgodi, akigawa buti na taa za kofia, na jioni alikuwa akicheza michezo ya kuigiza katika ukumbi wa ustawi wa wachimbaji, na huko ndiko mtayarishaji mmoja wa televisheni alikomwona na kumwita studio. Tarehe 9 Desemba 1967 alifunga ndoa takatifu na Felistus Chipasha, binti wa mwinjilisti wa Mufulira, msichana mnyamavu ambaye ndugu zake walimwonya kwamba anaolewa na kelele. Miezi minne baadaye, Jumapili ya tarehe 7 Aprili 1968, baada ya taarifa ya habari, ule mchezo mnaoujua ninyi wazee, Kwa Ba Shimpundu, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza.

Vijana mlioko hapa hamwezi kujua siku hizo zilivyokuwa. Televisheni ilikuwa na milango ya mbao na kufuli kama kabati la kanisa, mwenye nayo alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa magoti, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakibanana dirishani kwake, mmoja akishika waya wa antena na kuapa kwamba akiuachia tu picha inapotea. Kulikuwa na mkulima na mbolea yake, kulikuwa na mieleka ya Wazungu ambayo bibi zetu waliitazama huku wakiwalilia walioangushwa, kulikuwa na farasi na bunduki za Marekani, kulikuwa na mama wa mapishi aliyevunja mayai kwa mkono mmoja na kuwafanya waume wa Kitwe wawe na maswali nyumbani, na Jumamosi watoto walishindana kutegua vitendawili kwa soda moja. Lakini Jumapili ilikuwa ya Ba Shimpundu. Marehemu aliigiza mchimbaji mwenye mapacha wakorofi, mapacha ambao hawakuwahi kuonekana, walikuwa vifurushi viwili tu vya nguo, kimoja kwapa la kulia na kingine la kushoto, na kichekesho kikubwa kilikuwa kwamba anawachanganya, hajui yupi ameshakula na yupi bado, anamlisha mmoja mara mbili, na mke wake, Nampundu, anamfukuza kwa mwiko. Nampundu huyo aliigizwa na Ba Eneless Lungu, karani wa simu wa posta, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Mnajua kwamba Shimpundu na Nampundu si majina ya kuchagua. Mwanaume analipata kwa tumbo la mke wake, mke akizaa mapacha, na tangu siku hiyo majina yao ya zamani yanawekwa kando, mkwe anawaita hivyo, bosi anawaita hivyo, na mwanamke aliyeitwa Nampundu hapitwi njiani bila kupigiwa vigelegele. Marehemu alilipata lake studio. Mji mzima ukamwita Ba Shimpundu, kwenye baa, kanisani, kwenye foleni ya unga, na mwanzoni Ba Felistus aliliona jambo la kuchekesha, hata siku alipokwenda soko la Chisokone kununua dagaa, akasema yeye ni mke wa Winstone wa kwenye televisheni, akiomba aongezwe kidogo, na muuzaji akamtazama juu mpaka chini.

"Dada, mke wa Ba Shimpundu tunamjua, tunamwona kila Jumapili," akamwambia. "Wewe labda ni wa katikati ya wiki."

Soko lilicheka, naye akacheka, akarudi na dagaa wake bila nyongeza.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi ya kwanza iliparuka. Alhamisi ya tarehe 12 Agosti 1971, katika hospitali ya mgodi, Ba Felistus alijifungua mapacha wa kiume. Walikuwa wadogo kuliko inavyotakiwa, na Jumamosi jioni walikuwa wameondoka wote wawili, wa pili akimfuata wa kwanza kama waliokubaliana. Jumapili asubuhi wanawake waliwazika, kama inavyofanywa kwa mtoto ambaye bado hajatolewa nje, bila mkesha, bila wanaume, bila tangazo, na mama yao akiwa bado kitandani wodini, hivyo hata yeye hakuliona kaburi, na wale waliolijua wametangulia wote.

Siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya mchezo, na mchezo ulirushwa papo hapo, kanda zikiwa chache. Mtayarishaji, aliyekwishasikia habari, alimwambia marehemu abaki nyumbani, wataweka filamu ya farasi. Hakubaki. Aliingia studio, akavaa lile koti la mchimbaji, akabeba vifurushi viwili vya nguo, kimoja kwapa la kulia na kingine la kushoto, akawachanganya, akamlisha mmoja mara mbili. Wodini kwa akina mama, Ba Felistus alikuwa amelala akitazama ukuta, na kutoka chumba cha wauguzi mwisho wa ukumbi, palipokuwa na televisheni, akasikia sauti ya mume wake, kisha vicheko, kisha sauti ya mume wake tena. Muuguzi mmoja mwema, asiyejua anaongea na nani, alichungulia mlangoni akamwambia, mama, ukiweza kutembea njoo, leo Ba Shimpundu ametuua.

Miaka mingi baadaye marehemu aliulizwa na mpwa wake huyu anayesoma kwa nini alikwenda. Alisema, "Makaburini hawakunitaka, wodini saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Sikujua pa kukaa. Studio walikuwa na kiti changu." Hatusomi hili kumtetea. Alikwenda, na alijua kwamba alikosea, na aliomba toba kwa kosa hilo mbele ya Mungu mara nyingi kuliko alivyoomba mbele ya mke wake, na hapo ndipo palipokuwa na kosa lingine.

Ba Felistus aliporudi nyumbani, mama yake mzazi alisimama bombani akamwita kwa sauti, Nampundu, njoo tubebe maji, kama desturi inavyotaka, kwa kuwa hata mapacha wakiondoka jina haliondoki, limeshaingia damuni. Wanawake wa bombani wakageuka kumtafuta Ba Eneless. Walipoona hayupo, mmoja akasema, "Nampundu yupi? Huyu hata kwenye boksi hajaingia." Hakusema kwa ubaya, hakujua. Lakini Ba Felistus aliweka ndoo chini, akamwomba mama yake asimwite hivyo tena, wala jirani, wala mtu yeyote, na siku hiyo hiyo alimwambia mume wake kwamba televisheni haitaingia ndani ya nyumba yake hata ikiletwa bure. Haikuingia. Mtu aliyejulikana Kitwe nzima kwa televisheni, nyumbani kwake palikuwa na redio.

Ba Eneless, Mungu amrehemu, aliposikia yaliyotokea alimfuata marehemu studio akamwomba jina libadilishwe kwenye mchezo, yeye aitwe hata Mama Sufuria, haoni shida. Marehemu alikataa. Alisema watazamaji watapotea, alisema mchezo utakufa, na ukweli ni kwamba lile jina lilikuwa limemkaa vizuri, alikuwa akipita mtaani anaitwa anageuka, na hakutaka kuwa Winstone tu wa kugawa buti. Hivyo kwa miaka mingine kumi na miwili mwanamke aliyezaa mapacha akakaa bila jina lake, na aliyeitwa kwa jina hilo hakuwa amelitaka.

Tarehe 22 Mei 1973 alizaliwa binti, akaitwa Chola, na kila mtu hapa anajua jina hilo anapewa mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha, hapewi mwingine. Ba Felistus ndiye aliyelichagua, alinyamaza yote lakini hilo hakulinyamazia, na siku ya ubatizo wageni wakachekea mikononi, na mzee mmoja wa kanisa akamvuta marehemu pembeni akamwambia, "Ba Shimpundu, sasa unatangaza mchezo mpaka na watoto? Wanakulipa kwa kila jina?" Marehemu alitabasamu. Hapo tu angeweza kusema. Maneno matatu yangetosha, lakini alitabasamu.

Ulikuwepo mchezo mwingine, na huu wengi wenu hamuujui hata kwa kusikia. Uliitwa Kalonda, yaani Mlinzi, ulionyeshwa Jumatano kwa wiki sita, kuanzia tarehe 4 Februari hadi 10 Machi 1976, na marehemu aliuandika mwenyewe na kuuigiza peke yake, mlinzi wa lango la mgodi, na jiko la makaa, na sanduku la kukalia. Haukuwa na kichekesho. Watazamaji waliandika kulalamika, wakauliza Ba Shimpundu anaumwa au amefukuzwa na mkewe, na kituo kikaurudisha muda ule kwa mieleka. Hakuna aliyeukumbuka. Kwa marehemu ulikuwa kazi pekee aliyoiheshimu, na alipokuwa akitajwa baa kwa vituko vya vifurushi alikuwa akiuliza kwa unyonge kama kuna aliyeona Kalonda, na watu wakamjibu kwamba hicho labda kilionyeshwa Lusaka.

Wiki ya tano, Jumatano ya tarehe 3 Machi, alirudi nyumbani mchana, jambo lisilo la kawaida, akamwambia Ba Felistus avae vizuri jioni waende pamoja mpaka kwa jirani, yeye atamwacha hapo na kukimbilia studio, ili leo atazame. Ba Felistus alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua uso.

"Nimeshakusikia unavyochekwa, inatosha," akamwambia.

Marehemu hakuomba mara ya pili. Hili ndilo kosa ambalo Ba Felistus alitaka lisomwe, na lisomwe kama lake, si la mwingine.

Kilichosemwa jioni ile hakimo katika kanda yoyote, lakini Ba Samson Jere, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha lifti ya mgodini na wiki hiyo yuko nyumbani na mguu uliovunjika, alikuwa na televisheni na hakuwa na pa kwenda, na akaona. Juzi Jumatano, kama haki ya mtani inavyomruhusu, alisimama hapo karibu na moto, amegeuza koti ndani nje, amevaa kifuniko cha sufuria kama kofia ya mchimbaji, akamtukana marehemu vizuri sana, akamwita Mbemba mla nyani aliyekufa ili asilipe deni la bia, akauliza kama peponi kuna nyani wa kutosha, na sisi tulikuwa tunacheka kwa machozi kama inavyotakiwa msibani. Kisha akasema kwamba watu wanamjua huyu kwa vifurushi, lakini yeye aliwahi kumwona kwenye kitu kingine, mlinzi fulani, na bila kubadili nguo akaketi kwenye gogo, akachukua ugali uliokuwa sahanini, akamega matonge mawili madogo akayaweka pembeni, na sauti iliyotoka haikuwa ya Ba Jere, ilikuwa ya Winstone, kila aliyemjua alishtuka.

"Hawa wawili nao wanakula," akasema. "Nilikuwa na mapacha mimi. Mjini wananiita Shimpundu wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu kicheko ndicho ugali wangu. Lakini jina lile si langu. Lina mwenyewe, yuko nyumbani, ananifulia shati. Nampundu ni yule. Mwingine hakuna."

Akavua kifuniko, akatafuta anayecheka, hakumpata. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Ba Felistus, ambaye kama mjane hatakiwi kuinuka godoroni bila kushikwa mkono, alikuwa ameinuka, amesimama kizingitini, shali imeanguka.

"Shemeji, alisema hivyo?" akauliza. "Kwenye televisheni, mbele ya watu?"

"Alisema, shemeji. Ndivyo nilivyosikia, sijaongeza." Ba Jere alikuwa anakitazama kifuniko. "Miaka yote hii nilidhani uliona. Nani asiyemtazama mume wake?"

"Mimi," akasema Ba Felistus.

Tuendelee. Mchezo wa Kwa Ba Shimpundu ulimalizika siku ya Krismasi, mwaka 1983, baada ya hapo zikaja televisheni za rangi na watu wapya, na marehemu akaajiriwa mtunza stoo katika shule ya sekondari hapa Kitwe hadi alipostaafu mwaka 1996. Aliwahi kwenda kituoni kuulizia kama kuna kanda zilizobaki, wakamtafutia kwa heshima, wakamwambia mengi yalirushwa papo hapo hayakunaswa, na yaliyonaswa kanda zake zilitumika tena, juu yake kuna mipira na hotuba. Alirudi akasema kwa utani kwamba amezikwa chini ya mpira wa kona, lakini hakula jioni ile. Tangu hapo maisha yake yalibaki midomoni mwa watu, na midomo ina mambo yake, walimsifu kwa vituko ambavyo hakuwahi kuvifanya, na alipokanusha walibishana naye.

Tarehe 19 Novemba 1991 alifariki Ba Eneless Lungu, na wanawake wa Kitwe walimlilia kwa jina la Nampundu tangu nyumbani mpaka kaburini, na rambirambi nyingi aliletewa marehemu wetu, wengine wakamkalisha ukutani mahali pa mfiwa kabla ndugu hawajamtoa kwa aibu. Ba Felistus siku hiyo alikuwa jikoni pale msibani tangu alfajiri, amesonga ugali wa watu wasiohesabika, na alipoulizwa na mama mmoja yeye ni nani kwa marehemu Nampundu, alijibu kwamba ni jirani.

Katika ndoa yao ya karibu miaka hamsini na miwili marehemu alijaliwa watoto wanne, na hapa wale mliozoea kusema wawili msikilize, wanne: Ng'andwe na Kapasa, waliozaliwa na kuondoka Agosti 1971, ambao mama yao aliwapa majina siku ile ya Alhamisi na hayajasomwa mahali popote mpaka leo, kisha Chola, mwalimu wa shule ya msingi Ndola, na Lameck, fundi wa magari Solwezi. Ameacha wajukuu saba.

Katika kanisa alikuwa mzee wa usharika kuanzia mwaka 1999, msomaji mzuri wa Neno, alisoma manabii mpaka watoto wakaogopa, na kwa miaka hiyo alijitahidi kuacha pombe, akaiacha, akairudia, akaiacha tena, Bwana anajua mara ya mwisho ilikuwa ipi.

Jumapili ya tarehe 4 Juni 2017, akiwa mimbarini anasoma, maneno yalimkatikia mdomoni, mkono wa kulia ukalegea, akakimbizwa hospitali na kuambiwa ni kiharusi. Alipona kutembea, hakupona kusema. Nyimbo za kanisa aliweza, akianzishiwa aliimba ubeti mzima bila kosa, lakini kuomba maji alishindwa, na mtu aliyekula kwa sauti yake akaishi miaka miwili kwa kuonyesha kidole. Ba Felistus alijifunza kidole hicho kama mtu anavyojifunza lugha, alijua maji, alijua dirisha, alijua nipeleke nje, na kuna kidole kimoja hakukijua, kile alichokuwa akimwelekezea yeye mwenyewe, kifuani, halafu anatikisa kichwa kwa hasira kwa sababu hakuna neno linalofuata.

Mwezi Septemba mwaka huu kifua kilimbana, akalazwa. Wodini kulikuwa na muuguzi kijana aliyesimuliwa na bibi yake habari za Jumapili zile, naye akamfurahia mgonjwa wake na kumwita Ba Shimpundu, na wagonjwa wengine, wazee, wakaamka vitandani wakaanza kukumbushana vifurushi. Jumapili iliyopita, tarehe 6 Oktoba, saa za kuona wagonjwa, marehemu alimshika Ba Felistus mkono wa blauzi, akaukaza, akamtazama, na mdomo ule uliopinda ukaanza kufanya kazi. Ikatoka "na", ikatoka "na" tena, kisha, kwa jasho, ikatoka "nampu". Yule binti muuguzi alisogea akamfuta mdomo, akamwambia kwa upole, kama mtoto kwa baba yake, "Tata, Ba Nampundu alitangulia zamani. Huyu ni mke wako wa nyumbani." Wagonjwa wakaafiki kwa huzuni, mmoja akasema ndivyo ilivyo, mtu akikaribia mwisho anawaita waliotangulia.

Familia haimlaumu binti yule hata kidogo, amemhudumia baba yetu kuliko sisi. Lakini Ba Felistus naye aliamini hivyo. Aliamini kwamba baada ya yote, neno moja lililobaki mdomoni mwa mume wake alilitumia kumwita mwanamke wa mchezo. Akaondoa mkono wa blauzi kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, akakunja blanketi miguuni, akasema jioni njema kwa wote, akatoka saa za kuona wagonjwa zikiwa bado hazijaisha. Marehemu alibaki anatikisa kichwa. Jumatatu Ba Felistus hakwenda, alimtuma Chola. Jumanne tarehe 8 Oktoba alikwenda na uji, na alipofika kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, kwani marehemu alipumzika asubuhi ile kabla ya uji.

Jumatano ndipo Ba Jere akavaa kifuniko cha sufuria.

Mmeelewa sasa kwa nini mjane wetu hakulia kwa sauti Jumanne, na kwa nini tangu juzi hajanyamaza. Wanawake wa mtaa, waliposikia, walimzunguka pale kizingitini, na Mama Malaika, jirani yetu, akafungua mdomo ampigie vigelegele anavyostahili mama wa mapacha, vigelegele vya miaka arobaini na minane, na Ba Felistus akamziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Alisema, "Usifanye hivyo uwanja ukiwa na msiba. Niiteni tu." Kwa hiyo familia inawaomba, leo makaburini mtakapopita kumshika mkono, msimwite mama Chola, msimwite Ba Felistus, mwiteni jina lake, taratibu, bila kucheka, na atakayekuwa amelizoea kwa mtu mwingine ajikaze.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza marehemu mpaka dakika ya mwisho, na yule binti wa wodini, ambaye yuko hapa leo amesimama karibu na geti, asogee akae na watu. Inawashukuru majirani wa Wusakile kwa kuni, unga na viti, usharika kwa nyimbo, shule ya sekondari kwa gari, wafanyakazi wenzake wa zamani wa studio, wachache waliobaki, mliokuja na fimbo zenu, na watani wetu, hasa Ba Samson Jere, ambaye kabichi yake imesamehewa.

Kwako baba yetu, uliyosema yamefika, yamechelewa, lakini yamefika. Mwenyewe ameyasikia. Pumzika kwa amani, mume wa Nampundu.